Nyama Tupu na Mayai: Je, Ndiyo Njia ya Kupunguza Mwili?

Kama chungu kiko jikoni, punguza moto, vuta mkeka ukae, kwani leo tunazungumza juu ya jambo ambalo akina mama wengi huniuliza kwa sauti ya chini baada ya kliniki kwisha. "Sista, nipungue vipi?"

Siku hizi swali hilo huja na jibu lake tayari. "Nimeambiwa niache sima, wali, muhogo, mkate na hata matunda, nile nyama, kuku na mayai peke yake. Ni kweli?" Jibu fupi ni kwamba utapungua, ndiyo. Lakini si kwa sababu uliyoambiwa, na kinachotoka mwanzo kwa wingi si mafuta. Jibu refu ndilo la leo.

Nianze na mama mmoja wa hapa Kisumu Ndogo. Alikuja siku ya kupima watoto, amevaa gauni ambalo mwaka uliotangulia lilikuwa likimbana na sasa linampwaya. "Sista, nipime mimi kwanza!" Nikampima. Kilo tatu zilikuwa zimetoka kwa siku tisa. Nikampongeza, tena kwa sauti, wenzake wote kwenye benchi wakasikia. Nakiri kosa langu mbele yenu: nilimpongeza kabla sijafungua kitabu cha mtoto. Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili, bado ananyonya, na mstari wa uzito wake ulikuwa umelala. Miezi miwili haukupanda.

Nikamwuliza nyumbani wanakula nini. Akanieleza bila kuficha. Yeye alikuwa na mayai yake sita kwa siku na nyama robo kilo. Watoto walikula sima na mboga, na asubuhi uji. Uji wa nini? Uji mweupe, na sukari kidogo. Maziwa je? Maziwa yamesimama kwa muda, kwani pesa za maziwa zilikuwa zimeingia kwenye trei ya mayai.

Tafadhali usimhukumu. Mamake mzazi alipooza upande mmoja kwa ajili ya presha, na yeye alimwuguza kwa mikono yake. Aliogopa yasimpate yaleyale. Na hofu hiyo si ya bure. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, karibu nusu ya wanawake wa Kenya wa umri wa miaka 20 hadi 49, yaani asilimia 45, walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Uzito huo ukikaa zaidi tumboni huleta presha na ugonjwa wa sukari. Pima kiuno chako kwa futi ya fundi cherehani: mwanamke akipita sentimita 80, ni wakati wa kuangalia. Akipita 88, asingoje.

Lakini utafiti huohuo uliona jambo jingine, na hili linatuhusu sisi hasa. Katika kaunti yetu ya Kilifi, watoto 37 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko umri wao kwa kukosa chakula cha kutosha na kwa kuugua mara kwa mara. Nchi nzima kwa jumla ilikuwa 18 katika 100. Kilifi ndiyo iliyokuwa juu kuliko kaunti zote. Basi mama aliyezidi uzito na mtoto aliyedumaa wanaweza kulala chumba kimoja, na kula chungu kimoja. Ndiyo sababu mimi nikisikia habari ya mayai sita, huuliza kwanza: ya nani?

Sasa tuingie mwilini. Chakula chetu kina wanga, protini, mafuta, vitamini, madini na maji. Wanga ni sima, wali, muhogo, viazi, mkate na sukari. Huo ndio kuni za mwili. Protini ni nyama, samaki, mayai, maziwa, kunde, pojo, mbaazi na maharagwe. Hizo hujenga na kukarabati: misuli, damu, ngozi, na hata ile kinga inayopigana na maradhi. Mafuta ni kuni pia, tena kuni kavu sana. Gramu moja ya wanga au ya protini hutoa kalori 4. Gramu moja ya mafuta hutoa 9. Kalori ni kipimo cha nguvu iliyomo ndani ya chakula, kama vile lita ni kipimo cha mafuta ya taa. Mwanamke mzima hutumia kama kalori 2,000 kwa siku, wengine zaidi, wengine chini yake, kulingana na mwili na kazi.

Sasa turudi kwa zile kilo tatu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori kama 7,700. Kilo tatu ni zaidi ya 23,000. Kwa siku tisa yule mama angetumia kama 18,000 tu. Maana yake, hata angefunga siku zote tisa, asitie kitu mdomoni, asingeweza kuchoma kilo tatu za mafuta. Basi zilikwenda wapi?

Zilikwenda msalani, mama. Yalikuwa maji. Mwili huweka akiba ya wanga katika ini na misuli, kama nusu kilo hivi kwa mtu mzima, na kila gramu ya akiba hiyo hushika maji kama gramu tatu. Ukiacha wanga ghafla, mwili hula ile akiba, na maji yaliyoshikwa yanatoka. Mizani inashuka na wewe unafurahi. Ni kama mchele ulioroweka: ukiuanika utakuwa mwepesi, lakini hujapunguza hata punje moja. Siku utakapokula pilau ya arusi, maji yanarudi mahali pake, na asubuhi unalia kwamba pilau imekunenepesha kilo mbili kwa usiku mmoja.

Wala jambo hili si geni. Mwaka 1863 huko London, msimamizi wa mazishi aitwaye William Banting, mtu mnene asiyeweza hata kuinama kufunga viatu, alichapisha kijitabu akieleza jinsi alivyopungua kwa kuacha mkate, sukari, bia na viazi na kula nyama kwa wingi. Mwaka 1972 daktari wa moyo wa Marekani, Robert Atkins, akatoa kitabu chake cha njia ya namna hiyohiyo, kikauzwa kama njugu. Miaka ile ya sabini ikaja hata dawa ya maji ya protini, iliyotengenezwa kwa ngozi na mishipa ya ng'ombe. Watu walikunywa hiyo tu badala ya chakula, na makumi yao huko Marekani walikufa, wengi kwa mapigo ya moyo kuvurugika. Nakueleza haya kwa sababu hata leo utaletewa poda za makopo mlangoni na mtu atakayekuambia ni uvumbuzi wa juzi.

Je, watu hao walipungua? Ndiyo, wengi walipungua. Swali ni kwa nini. Huko Marekani watafiti walichukua watu 811 wenye uzito uliozidi, wakawagawa katika makundi manne. Wengine walipewa protini nyingi, wengine kidogo. Wengine mafuta mengi, wengine kidogo. Na wanga pia ulitofautiana. Lakini wote walipunguziwa jumla ya chakula. Waliwafuata miaka miwili, na majibu yakachapishwa mwaka 2009. Makundi yote yalipungua karibu sawa, wastani wa kilo 4 kwa waliofika mwisho. Kilichowapunguza ni ule upungufu wa jumla, na walioendelea kuhudhuria mafunzo walipungua zaidi ya wasiohudhuria.

Mtazame tena yule mama wetu. Alipoacha wanga, aliacha nini hasa? Aliacha sima, sawa. Lakini pamoja na sima aliacha mahamri ya asubuhi, viazi karai vya saa kumi, soda, na sukari ya chai. Mahamri hukaangwa ndani ya mafuta, yakanywa mafuta. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120, na sisi huku pwani hatupimi mafuta kwa kijiko, tunamimina mpaka roho iridhike. Chai nayo: vikombe vinne kwa siku, vijiko vidogo vitatu kila kikombe, ni vijiko 12, yaani gramu kama 48 za sukari. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isipite sehemu moja ya kumi ya chakula, ambayo kwa mtu wa kalori 2,000 ni gramu 50, na ikiwezekana iwe nusu ya hapo. Basi chai peke yake imekwisha kufikisha mpaka, bado hujagusa soda wala kaimati. (Ndugu zangu mnaofunga Ramadhani mnalijua hili vizuri. Mchana kutwa hujala kitu, na mwezi unapokwisha kilo zimeongezeka. Si funga iliyokunenepesha, ni futari.)

Sitaki lakini kukudanganya upande wa pili. Protini inasaidia kupungua. Inashibisha kuliko wanga mtupu, ukila yai na mboga asubuhi njaa haikurudii upesi kama ukila mkate mweupe na chai. Mwili hutumia nguvu nyingi zaidi kuimeng'enya. Na mtu anayepungua akiwa anapata protini ya kutosha hapotezi misuli sana. Kwa hiyo aliyekuambia uongeze protini hakukosea kabisa. Alikosea alipokuambia nyama tupu, na alipokufanya uamini kwamba protini iko buchani peke yake.

Mtu mzima anahitaji kama gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 70 ni gramu 56. Mjamzito na anayenyonyesha huongezewa. Yai moja lina kama gramu 6. Kipande cha samaki cha gramu 100 kina kama 20. Kikombe cha pojo zilizopikwa kina kama 14. Hata unga wa mahindi, huu tunaoutukana, una kama gramu 8 katika kila gramu 100. Upungufu wake ni mmoja. Protini imejengwa kwa vipande vidogo vidogo, na mahindi yana uhaba wa baadhi ya vipande hivyo. Kunde, mbaazi na pojo zina kipande kile hasa ambacho mahindi hayana cha kutosha. Bibi zetu walioweka sima na kunde sahani moja hawakusoma kitabu, lakini mahindi na kunde vinajazana kama mtu na mkewe. Wakati wa kusi bahari inapochafuka, samaki wanakuwa haba na bei inapanda, usifikiri protini imeondoka mjini. Iko kwenye gunia la pojo.

Tena nyama tupu ina hasara zake. Haina nyuzinyuzi, kwa hiyo utafunga choo. Mdomo utanuka harufu isiyo ya kawaida, kichwa kitauma, utachoka. Hayo ni madogo. Sasa nisikilize vizuri kwa haya makubwa.

Kama unatumia dawa za ugonjwa wa sukari, ziwe za vidonge au za sindano, usiache wanga kwa ushauri wa jirani. Dawa imepimwa kulingana na chakula unachokula. Ukiondoa chakula na kubakisha dawa, sukari inaweza kushuka ghafla: jasho jembamba, kutetemeka, kuchanganyikiwa, na mwisho kuzimia. Ukiona dalili hizo za mwanzo, kunywa kitu cha sukari mara moja, kisha uende kituoni. Kama una ugonjwa wa figo, protini nyingi huzidisha mzigo wa figo zilizochoka, nawe presha yako inaweza kuwa imeshazigusa bila wewe kujua. Mpaka upimwe, usijaribu. Kama una mimba, huu si wakati wa kujipunguza kabisa.

Na kama unanyonyesha, maziwa yanakudai nguvu kila siku, wala mwili hausubiri. Madaktari wameandika habari za akina mama wanaonyonyesha waliokata wanga kabisa, damu yao ikajaa asidi, wakafikishwa hospitali wakitapika na kuhema kwa nguvu. Ni nadra, lakini yapo. Ukinyonyesha na ukajisikia hivyo, usilale nyumbani ukisema ni malaria.

Kuna mwingine nataka kumsemesha. Wewe unayepungua bila kujitahidi, nguo zinakupwaya na watu wanakusifu: usishangilie. Kukohoa wiki mbili, kutoka jasho usiku, kiu isiyokatika, kukojoa kila mara, homa za mara kwa mara. Hayo yanaweza kuwa kifua kikuu, sukari au virusi vya ukimwi, na yote matatu yana vipimo na matibabu. Njoo upimwe.

Basi tufanye nini jikoni? Chukua sahani yako ileile. Nusu iwe mboga: mchicha, mnavu, matembele, kisamvu, bamia, chochote kilichopo sokoni. Robo iwe kunde, pojo, mbaazi, samaki, dagaa au yai. Robo iliyobaki iwe sima au wali, kipande cha ukubwa wa ngumi yako, si ngumi ya mzee wa nyumba. Mafuta pima kwa kijiko, kijiko kikubwa kimoja kwa kila watu wawili. Mbaazi za nazi endelea nazo, sikunyang'anyi, ila zipike kwa tui jepesi, na tui zito liwe la sikukuu. Mahamri mawili yawe moja, au badala yake chemsha muhogo au kiazi kitamu. Sukari ya chai punguza kijiko kimoja, kaa wiki mbili ulimi uzoee, kisha punguza kingine. Mwenye kupika chapati za kuuza, najua, vidole vinakwenda vyenyewe mdomoni. Kula chakula chako kabla ya kuanza kukaanga.

Kwa njia hii utapungua kama nusu kilo kwa wiki, na wiki nyingine hutapungua kitu. Inachosha, najua, hasa shoga yako akikuambia yeye ametoa kilo tatu kwa siku tisa. Sasa unajua zake zilikuwa za nini.

Na mtoto? Mtoto hapunguziwi wanga hata kidogo kwa sababu mama anapungua. Tumbo lake ni dogo, anahitaji kula mara nyingi, na protini ya nyumba ianze kwake. Kabla ya miezi sita ni maziwa ya mama peke yake. Baada ya hapo anza kumlisha, ukiendelea kumnyonyesha mpaka miaka miwili na zaidi. Yai lililoiva sawasawa lapondwa. Samaki anatolewa miba kwa vidole, si kwa macho. Dagaa, au omena kama wengine wenu mnavyoziita, zichambue mchanga, zioshe, zikaange kavu bila mafuta mpaka zivunjike, uzisage laini kabisa. Kijiko cha unga huo ndani ya uji, siyo uji mweupe tena. Harufu itakukera wewe, mtoto ataizoea.

Turudi kwa mama yetu. Siku ile tuliweka futi ya mkono ya mtoto. Utepe ulisoma kwenye manjano, sentimita 12. Chini ya 11.5 ni nyekundu, hatari, kuanzia 12.5 ni kijani. Mama alinyamaza. Kisha akasema, "Basi mimi nimekuwa nikimla mwanangu." Nikamwambia la, usiseme hivyo, na sijui kama nilimsemesha vizuri, kwani mimi mwenyewe dakika kumi nyuma nilikuwa nampigia makofi.

Alipokwenda nyumbani yale mayai aliyagawa. Yeye moja, mtoto moja, na wale wakubwa kwa zamu. Maziwa yakarudi. Mhudumu wa afya wa mtaa alikuwa akimpitia kila wiki. Kilo mbili zilimrudia upesi, naye akanikasirikia, akaona nimemharibia. Zilichukua karibu miezi miwili kutoka tena, safari hii bila ya njaa wala kichwa kuuma. Mstari wa mtoto ulianza kuinuka mwezi wa kwanza. Mwezi wa tatu, utepe ulisoma kijani.

Muda wetu umekwisha. Juma lijalo tutazungumza juu ya uji wa mtoto na namna ya kuchanganya nafaka, kwani naona wengi mnachanganya aina kumi kwa gunia moja bila sababu. Siku ya kliniki fika mapema kabla jua halijawa kali, na kitabu cha mtoto usikiache nyumbani. Ukitaka kupimwa na wewe, kiuno, presha na sukari, sema tu. Nitaanza na mtoto, kisha nitakupima. Kwaheri.